Mazoezi ya Mtoto Hayaishii Kliniki: Majibu kwa Wazazi wa Malindi

Mwanangu ana miezi 11 na bado hajakaa mwenyewe. Wazee wananiambia kila mtoto ana wakati wake. Je, nisubiri? (Mama, Malindi)

Usisubiri, mama. Watoto wengi hukaa bila kushikwa wanapofikia miezi 9, na aliyechelewa zaidi ya hapo aangaliwe na mtaalamu, hasa ikiwa hakulia alipozaliwa au aliwahi kuugua manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Mazoezi huweza kuanza hata kabla daktari hajautaja ugonjwa kwa jina, kwa kuwa ubongo wa umri huo bado unajijenga na hujifunza upesi.

Kliniki ya mazoezi ni nusu saa kwa wiki, na nauli inatulemea. Faida yake ni ipi? (Baba, Ganda)

Nusu saa haitoshi kumfundisha mtoto kukaa, lakini yatosha kukufundisha wewe, na ndiyo faida yenyewe. Fanya zoezi mbele ya mtaalamu akurekebishe mikono, kisha ulirudie nyumbani mnapomwogesha, kumvisha na kumlisha. Kulisha kunahitaji uangalifu mkubwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukaathiri misuli na mwendo, akilishwa amelala chali, uji huweza kupita njia ya hewa, na kifua kisichopona huenda kimetokana na hilo. Mkalishe wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, nawe ukae mkabala naye; kijiko kiwe kidogo, kitokee mbele wala si juu, na usimpe kingine kabla hajameza. Fundi seremala wa mtaani anaweza kumtengenezea kiti kwa vipimo vya mtaalamu. Nauli ikikosekana, semeni mapema ili mpangiwe tarehe za mbali zaidi. Mzazi asiye na nauli hastahili kulaumiwa.

Mjukuu wangu amekakamaa miguu. Nimkande kwa mafuta ya nazi na kuinyoosha? (Bibi, Maweni)

Kumkanda polepole hakuna ubaya, bibi, na mkono wako humtuliza. Kuivuta kwa nguvu usithubutu: misuli ya namna hiyo huzidi kukaza ikivutwa ghafla, na mifupa ya mtoto asiyesimama huwa dhaifu.

Binti yangu wa miaka 3 hasemi. Nyumbani ni Kigiriama, nje Kiswahili. Tuache lugha moja? (Mama, Malindi)

Msiache. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Kwanza apimwe masikio. Akiwa anasikia vizuri, mtaalamu wa matamshi ataangalia pia dalili za usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na watu), kama vile kutogeuka anapoitwa jina au kutoonyesha kitu kwa kidole. Huku mkingoja miadi, endeleeni kumsemesha kwa Kigiriama.