Programu ya kuhariri RAW: uliza kwanza kazi yako inakaa wapi

Vijana wanaoanza kupiga picha za harusi na sendofu huniuliza ni programu gani yenye rangi nzuri. Mimi huwarudishia swali jingine: ukishahariri picha, mabadiliko yako yanakaa wapi? Hapa Dar es Salaam nimewaona wenzangu wakihangaika sana, na mara nyingi rangi haikuwa tatizo. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imehifadhiwa mahali wasipopajua, kisha umeme ukakatika au diski ikafa.

Faili ya RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, yenyewe haiguswi. CR2 na CR3 za Canon, NEF ya Nikon, ARW ya Sony, zote hubaki zilivyotoka kwenye kamera. Programu huandika maagizo tu: ongeza mwanga kiasi hiki, kata hapa, punguza umanjano. Lightroom Classic ya Adobe huyaweka maagizo hayo kwenye katalogi, faili moja inayoishia na .lrcat. darktable huyaandika mara mbili, kwenye hifadhidata yake na kwenye faili ndogo ya maandishi, .xmp, iliyo kando ya kila picha. RawTherapee huweka faili ya .pp3 kando ya picha, basi. Kwa hizi mbili za mwisho, ukinakili folda ya harusi kwenda diski nyingine, kazi yako imehama nayo. Kwa Lightroom Classic, ingia kwenye mipangilio ya katalogi uwashe kuandika XMP yenyewe bila kuambiwa, halafu katalogi nayo iwe na nakala kwenye diski ya pili, kwa sababu makusanyo uliyoyapanga hayaingii kwenye XMP.

Na usitarajie kuhama programu ukiwa na rangi zako. Nyota na maneno ya kutafutia huhama vizuri, lakini mwonekano hauhami sawasawa. Albamu imalizie kwenye programu uliyoianzia.

Kuhusu pesa, nitasema wazi. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho iliyouzwa kwa kulipa mara moja. Sasa unalipia kwa mwezi au kwa mwaka, na ukiacha kulipa Lightroom Classic bado inafunguka, picha unaziona na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa. Wakati wa Ramadhani na Kwaresima harusi hupungua sana mjini, na malipo hayapungui. Kama unatoa picha mamia kila wiki, lipa, inarudisha muda wako. Kama kazi zako ni za msimu, darktable ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2009, haihitaji bando kufanya kazi, na gharama yake ni majuma ya kujifunza. Ni mengi kweli, usidanganywe. Anayetaka kianzio chepesi aijaribu programu ya kamera yake mwenyewe: Digital Photo Professional ya Canon, NX Studio ya Nikon, Imaging Edge ya Sony. Hizo hazilipiwi, na rangi zake hukaribia sana zile ulizoziona kwenye kioo cha kamera.

Unapojaribu programu, usitumie picha nzuri ya machweo ya Coco Beach, maana hiyo itapendeza popote. Chukua bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi, kando yake shela jeupe, saa saba mchana. Chukua pia picha ya ukumbini yenye taa za LED za bluu na zambarau. Kwenye picha kama hiyo shavu la bibi harusi huwa doa moja la bluu lisilo na umbo, pua na kidevu vimeungana, na kuongeza au kupunguza mwanga hakusaidii kitu. Rangi ya bluu imejaa pomoni wakati nyekundu na kijani hazina karibu chochote. Kwenye darktable, nenda kwenye moduli ya wasifu wa rangi ya kuingilia (input color profile), uweke ukomo wa rangi (gamut clipping) kwenye Rec2020, halafu uongeze ubanaji wa rangi (gamut compression) kwenye moduli ya kurekebisha rangi (color calibration). Shavu litaanza kurudi. Lisiporudi, igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe ukitegemea zaidi nyekundu na kijani. Mara nyingi umbo la uso lipo humo. Dawa yenyewe hasa iko ukumbini: punguza mwangaza kwa stopu moja, yaani nusu ya mwanga, taa hizo zinapowaka. Kwenye uso chini ya taa za bluu, RAW ya biti 14 yenye giza kidogo inaokoleka kuliko ile iliyojaa.

Sasa matatizo. Linalolalamikiwa kuliko yote ni picha kubadilika sekunde moja baada ya kufunguliwa: ilikuwa imekolea, ghafla imepauka. Hakuna kilichoharibika. Ulichokiona mwanzo ni JPEG ndogo ambayo kamera huificha ndani ya RAW; kilichofuata ni RAW yenyewe kabla hujaigusa. RawTherapee inaweza kuisoma JPEG hiyo na kuufuata mwanga wake, na Lightroom ina wasifu wa rangi unaoiga kamera.

Faili isipofunguka kabisa, angalia kwanza umri wa programu. CR3 ilikuja mwaka 2018 na Canon EOS M50, hivyo programu ya kabla ya hapo haiwezi kuijua. Usibadilishe herufi za mwisho za jina la faili, haisaidii. Adobe DNG Converter ni ya bure na itakugeuzia kuwa DNG, aina ya RAW ya Adobe ambayo programu nyingi huielewa. Za asili zihifadhi.

Picha ikiwa nusu kijivu au na mistari ya waridi, usiisumbue programu. Ifungue faili hiyohiyo kutoka kwenye memori kadi, kwa kisomea kadi kingine. Ikifunguka vizuri, nakala ndiyo iliyoharibika njiani. Ikikataa, bado ExifTool, programu ndogo ya kusoma taarifa zilizo ndani ya faili za picha, inaweza kuichomoa ile JPEG ya ndani, na kwa picha ya baba akimkabidhi binti yake, hiyo JPEG ni kitu kikubwa.

Programu inapoganda au kujifunga, zima matumizi ya kadi ya michoro (GPU). Kwenye Lightroom ni sehemu ya utendaji katika mapendeleo. Darktable unaianzisha kwa amri ya darktable --disable-opencl. Tatizo likiisha, sasisha draiva ya kadi hiyo kabla ya kununua kompyuta mpya. Likibaki, jaribu darktable --library :memory: ukiwa na nakala ya folda. Hapo programu inaanza na hifadhidata tupu, na ikienda vizuri umeshajua mgonjwa ni hifadhidata yako ya zamani. Kama umeme ulikatika na sasa inasema hifadhidata imefungwa, hakikisha hakuna darktable nyingine inayoendelea nyuma, ndipo ufute faili zinazoishia na .lock. Zile za .db usiziguse.

Rangi zikitoka tofauti kwenye karatasi, punguza kwanza mwanga wa skrini, kwa sababu wengi wetu tunahariri ukiwa juu kabisa na picha zinachapwa zikiwa za giza. Toa picha kwa sRGB, labda mchapaji akuambie vinginevyo. Na kabla ya albamu nzima, mpe karatasi moja yenye ngozi za watu watatu tofauti na kitenge chenye nyekundu kali, kisha uiangalie nje, kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya dukani.