Kwa Kijana wa Mombasa Anayetaka Kusomea Barafu ya Bahari

Vijana huniuliza jinsi mtu aliyezaliwa Mombasa, ambako barafu ni ya kupozea samaki na maji ya ukwaju, anavyoweza kuifanya barafu ya bahari ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, kuwa kazi yake. Ushauri wangu ni kwamba ajifunze kwanza jinsi kipimo kinavyopatikana, kabla ya kuvutiwa na ramani.

Tangu mwishoni mwa 1978, setilaiti zimekuwa zikipima mawimbi ya maikrowevu yatokayo kwenye uso wa bahari. Barafu huyatoa kwa nguvu zaidi kuliko maji, na kwa kuwa hayahitaji jua na hupenya mawingu, tunaweza kuipima hata katika miezi ya giza.

Nilipoanza, niliziamini kupita kiasi ramani zinazochorwa kutokana na vipimo hivyo. Niliandika ripoti nzima nikidai kwamba eneo fulani lilikuwa limepoteza barafu nyingi mwezi Julai, kumbe barafu ilikuwapo, ila juu yake palikuwa pametuama vidimbwi vya maji yaliyoyeyuka, ambavyo setilaiti ya aina hiyo huviona kama bahari. Msimamizi wangu hakunikaripia. Aliweka picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege kando ya ramani yangu, akaniachia nitazame vile vidimbwi vya buluu.

Unene ni mgumu zaidi kuupima. Chukua kipande cha barafu pale wanapouza samaki, ukitie katika ndoo ya maji ya bahari: kiasi cha moja kwa kumi tu ndicho kitakachochomoza. Setilaiti ya CryoSat-2, iliyorushwa 2010, hupima sehemu hiyo kwa rada, na unene wote hukokotolewa kutokana nayo, kwa hiyo kosa la sentimita 1 juu ya maji huwa karibu sentimita 10 za unene. Theluji nayo huilemea barafu na kuizamisha, na uzito wake lazima ukadiriwe.

Data nyingi hutolewa bure, hivyo huhitaji kuhama ili uanze. Jifunze kuandika programu, kisha ukokotoe mwenyewe eneo la barafu ya Aktiki la Septemba 2012, lililoshuka hadi takriban kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyorekodiwa. Ramani hugawanywa katika miraba, na kwa kawaida huhesabiwa kila mraba uliofunikwa na barafu kwa asilimia 15 au zaidi. Badilisha kiwango hicho kiwe 30 uone hesabu inavyosogea. Kisha ichunguze miraba ya pwani, kwa maana mraba mmoja una kilomita 25 kila upande, unaweza kukimeza kisiwa chetu chote, na ndani yake nchi kavu huchanganyika na bahari ikaonekana kama barafu.