Wadi Rum: kujiendesha au kulipa mwenyeji?

Mkuu, umeuliza kama ukifika jangwa la Wadi Rum kule Jordan kuna haja ya kumlipa mwenyeji akuzungushe, au ukodi gari mji wa Aqaba ujiendeshe mwenyewe. Nimeenda mara mbili, na mara ya kwanza niliboronga.

Kutoka Aqaba ni mwendo wa kama saa moja. Lami inakufikisha kijiji cha Rum, halafu basi. Mbele ni mchanga, na gari dogo halina chake pale. Wabedui wa kijijini wanatumia pikapu kuukuu zinazovuta kwa magurudumu yote manne, nyuma wamefunga mabenchi na turubai la kivuli. Usigombanie kiti cha mbele. Nyuma utakula vumbi, lakini unaona pande zote. Beba kitambaa cha kufunga uso.

Sasa kosa langu. Nilikwenda na orodha ya vituo tisa nilivyookota mtandaoni, nikalipia nusu siku, tena nikaondoka saa tano asubuhi. Kijana aliyeniendesha alinifikisha kote: dakika kumi, piga picha, panda gari. Jua la utosini linapausha majabali yote yakafanana. Nilirudi na picha zaidi ya mia mbili na hadi leo sijui ipi ni ya wapi. Simlaumu, alifanya nilichomwagiza.

Mara ya pili nilimpata mzee mmoja, nikamwambia anipeleke anakotaka yeye. Tuliondoka saa nane mchana. Kabla ya kuingia mchangani alishuka akapunguza upepo kwenye matairi yote manne, ili tairi litanuke na lisichimbe. Mwendo mfupi tu mbele tukakuta gari la kukodi limekaa kwa tumbo, baba na wanawe wanafukua kwa mikono. Mzee akalivuta bila maneno mengi. Nadhani hapo swali lako la kujiendesha limejibiwa.

Kituo cha kwanza hakikuwa na jina wala kibao. Alisimamisha gari akanionyesha mstari wa kijani ubavuni mwa mlima, vichaka na mti wa tini, kana kwamba mtu kavipanda kwa kamba. Mlima ule juu ni jiwe la mchanga linalonyonya mvua, chini ni graniti isiyopitisha kitu. Maji yakishuka hadi pale yanakosa njia, yanachuruzika ubavuni. Mara ya kwanza nilipita mahali kama pale na sikuona chochote! Ndiyo chemchemi zilizoweka watu humo tangu zamani. UNESCO walipoliingiza bonde hilo kwenye urithi wa dunia mwaka 2011 walitaja michoro ya miambani 25,000 na maandishi 20,000, alama za watu walioishi humo kwa miaka 12,000.

Sehemu ya michoro hiyo utaiona Khazali, ufa mwembamba ndani ya mlima, mnapita mmojammoja. Kuna watu, wanyama na nyayo zimechongwa ukutani. Bila mwenyeji utazipita ukitafuta picha kubwa, maana nyingine ni ndogo na ziko pembeni.

Kuhusu lugha usiogope. Kiarabu changu ni cha kuombea maji, Kiingereza chake hivyohivyo, lakini dakika, sukari, kahawa na jabali vilitusogeza sana. (Wadi kwetu ni wanakolazwa wagonjwa, kwao ni bonde.) Kilichonifurahisha zaidi ni ramli. Kwetu hiyo ni kazi ya mganga. Kwa yule mzee raml ni mchanga tu. Ila naye anaupiga kweli, maana aliinama kwenye alama nisizoziona akaniambia mbweha kapita usiku, na kwamba gari fulani limegeuka kurudi kijijini.

Kahawa yao ni chungu, kikombe kidogo, na ukikirudisha kimya wanakujazia. Nilikunywa vitano kwa adabu, nikidhani kukataa ni kumvunjia heshima mwenyeji. Kumbe ukitosheka unakitikisa kidogo. Aliniacha nihangaike hadi cha tano ndipo akacheka akanifundisha.

Tulimalizia juu ya mwamba tambarare, jua linazama. Wekundu wa mchanga ulikolea hadi nikaona aibu kwa zile picha zangu za mara ya kwanza.

Kama una nusu siku tu, ondoka mchana uchelewe kurudi. Omba Khazali na sehemu moja ya kutazama machweo, mengine mwachie yeye. Ile wanayoiita nyumba ya Lawrence, yule Mwingereza aliyepigana pamoja na Waarabu mwaka 1917, iruke bila majuto. Ni rundo la mawe, ingawa mandhari yake si mabaya. Kabla ya kulipa uliza nani hasa atashika usukani, kwa sababu wengine wanaokujibu kwenye simu ni madalali, na siku ikifika unakutana na mtu ambaye hamjawahi kuongea. Ukilala kambini kati ya Desemba na Februari beba koti zito. Jangwa la usiku halina uhusiano wowote na lile la mchana.