Silikoni kwenye krimu: ijue kazi yake kwanza

Nikishika chupa ya losheni nikaanza kusoma maandishi ya nyuma, lazima mtu aulize: "Hiyo silikoni haizibi ngozi?" Haizibi. Nadhani hofu nyingi imetoka kwenye silikoni ya kudungwa mwilini, ambayo kweli inaweza kuua. Ya kupaka ni habari nyingine. Dimethikoni, silikoni unayokutana nayo zaidi, ina molekuli kubwa mno kupenya ngozini. Inatanda juu, inapunguza maji kupotea, na jasho bado linatoka. Marekani wameikubali kama kinga ya ngozi kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 30, na utaikuta hata kwenye krimu za upele wa nepi.

Ila usiidhanie kuwa ndiyo unyevu wenyewe. Silikoni haivuti maji. Ngozi yangu ni kavu; nikiipaka peke yake asubuhi uso unateleza kwelikweli, kufika mchana mashavu yamekaza. Ndiyo maana mimi hutanguliza kitu chenye gliserini, inayovuta maji, uso ukiwa bado na majimaji, halafu silikoni ije juu kufunika.

Kero yake hasa ni vile vitonge vyeupe vinavyojiviringa kwenye taya unapopaka losheni ya kujikinga na jua, mithili ya mabaki ya ufutio kwenye daftari. Huo si mzio wala ngozi kubanduka. Ni tabaka mbili zimekataa kushikana. Paka kidogo, iache ikae, kisha losheni ya jua uigandamize kwa viganja bila kusugua. Vikiendelea, badilisha mojawapo.

Usiku, sabuni laini ya uso inatosha kuondoa silikoni. Maji matupu hayatoshi. Na chunusi zikitoka baada ya krimu mpya, chunguza kwanza mafuta na manukato yaliyomo.

Ninazozikwepa mimi ni silikoni nyepesi zinazoyeyuka hewani, hasa D4 na D5. Hii ya pili kwenye chupa huandikwa cyclopentasiloxane. Tangu 2020 Umoja wa Ulaya umezibana zisifikie asilimia 0.1 katika bidhaa zinazosuuzwa baada ya kupakwa, kwa kuwa hudumu muda mrefu sana kwenye mazingira. Katika bidhaa za kubaki mwilini zitabanwa 2027. D4 inashukiwa pia kudhuru uwezo wa kuzaa. Krimu zenye dimethikoni tu zipo tele, na usoni sioni tofauti ya maana.