Projekta Iwe Swali la Mwisho: Ushauri kwa Anayetaka Kufungua Jumba la Sinema

Kila baada ya miezi michache hunijia mtu mwenye akiba, au aliyerithi jengo, akitaka nimshauri anunue projekta ya aina gani ili afungue jumba la sinema. Nimeifanya kazi hii tangu enzi za filamu za milimita 35, kwanza nikiwa mwendesha mitambo na baadaye meneja, na jibu langu huwaudhi wengi: projekta iwe swali la mwisho. Kabla ya hapo mtu auelewe mkataba wa msambazaji, yaani kampuni inayokukodisha filamu, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha za tiketi atakazouza haitakuwa yake.

Filamu mpya hukodishwa kwa mgawo wa asilimia. Filamu ikiwa kubwa, msambazaji kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya mapato ya tiketi katika siku za mwanzo, na katika mikataba ya mtindo wa zamani fungu la mwenye ukumbi huongezeka kadiri wiki zinavyosonga. Mpango huo ulikuwa na maana zamani, filamu ilipoweza kukaa miezi kadhaa na bado ikavuta watu. Siku hizi umati huja siku tatu za kwanza, yaani wakati ule ule ambao fungu lako ni dogo, na fungu linapoanza kunenepa viti vimekwisha kubaki vitupu.

Mkataba ulionifunza haya ulikuwa wa ukumbi wetu mmoja tu, wenye viti zaidi ya 300. Msambazaji alitaka filamu yake ikae wiki nne mfululizo, maonyesho yote, bila kuchanganywa na nyingine, nami nikatia sahihi kwa sababu nilikuwa na hofu ya kuikosa. Wiki ya kwanza tulijaza. Wiki ya nne, jioni moja ya Jumanne, nilihesabu watu tisa, huku nikilipia umeme wa ukumbi mzima na filamu nyingine mbili zilizokuwa zikitafutwa na wateja wangu zikionyeshwa kwingineko. Kwa hiyo usisome asilimia peke yake. Soma idadi ya wiki, idadi ya maonyesho kwa siku, na kama unaruhusiwa kuondoa gharama zako za uendeshaji kabla ya fedha kugawanywa. Kifungu hicho cha mwisho hujadiliwa, lakini anayekipata ni yule anayekiomba.

Aliyeelewa tatizo la ukumbi mmoja mapema ni Stanley Durwood, mmiliki wa majumba ya sinema wa Kansas City, Marekani, ambaye mwaka 1963 alifungua kumbi mbili chini ya paa moja, zikitumia chumba kimoja cha mitambo na kaunta moja ya vitafunio. Filamu inayopoa ilihamia ukumbi mdogo, na mpya ikapata mkubwa. Ukiwa na nafasi ya viti 300, mimi ningekushauri uigawe viti 200 na 100, hata kama ukuta wa kuzuia sauti utakugharimu. Wala usiubanie ukuta huo: mlipuko wa filamu ya vita ukisikika katikati ya maombolezo ya filamu ya jirani, hakuna atakayekusamehe.

Kwa kuwa tiketi hailishi nyumba, kaunta ndiyo hulisha. Inachekesha kwamba majumba ya kifahari ya Marekani ya miaka ya 1920 yalizikataa bisi kabisa, wenyewe wakihofia mazulia yao, hadi mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowafundisha adabu. Punje za mahindi ni rahisi, huumuka, na hakuna msambazaji anayedai asilimia yake.

Historia ya biashara hii, tangu ndugu Lumière, waanzilishi wa sinema, walipowatoza watu kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, kwa kiasi kikubwa ni historia ya kuvutana kati ya anayetengeneza filamu na anayemiliki viti. Kampuni kubwa za Marekani zilimiliki vyote viwili hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipotoa hukumu mwaka 1948 iliyozifanya ziachane na majumba yake. Televisheni ilikuwa tayari inaingia sebuleni, na wenye majumba wakajibu kwa skrini pana, Cinerama ikitangulia mwaka 1952 na CinemaScope ikifuata mwaka 1953. Mwaka 2020 amri zilizotokana na hukumu ile zilifutwa. Mwaka huo huo, majumba yakiwa yamefungwa kwa janga la korona, kampuni ya filamu ya Universal na AMC, yenye majumba ya sinema, zilikubaliana kwamba filamu iweze kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, ilhali zamani desturi ilikuwa karibu siku 90. Rudi sasa kwenye mkataba wangu wa wiki nne uone: unaweza kujikuta umefungwa na filamu ambayo mteja wako ameshaianza akiwa kitandani.

Kuhusu mitambo, nitasema machache. Zamani filamu ya saa mbili ilifika kwa rili sita hivi, kila moja ikidumu dakika 20 au pungufu, nasi tulikuwa na mashine mbili. Rili ikikaribia kuisha, alama ndogo ya duara ilimulika kwenye kona ya juu ya picha, ukawasha mota ya mashine ya pili. Alama ya pili ikamulika, ukahamisha picha kwenye mashine hiyo. Ukichelewa, ukumbi ulipiga miluzi, lakini kosa ulilijua na mkono wako ulilirekebisha. Dijitali imeondoa miluzi hiyo, ikaleta ufunguo: faili la filamu limefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutolewa kwa kifaa kimoja mahususi, kwa saa mahususi za kuanza na kuisha.

Usiku mmoja wa uzinduzi ufunguo ulikataa. Siku chache kabla fundi alikuwa amebadilisha kifaa kilichoharibika ndani ya projekta, na hakuna aliyemwarifu msambazaji, kwa hiyo ufunguo ulikuja kwa jina la kifaa kilichokwisha kutupwa. Nilipiga simu ya dharura kwa dakika 50 nikiwa nimeegemea mlango wa chumba cha mitambo, kisha nikashuka kurudisha fedha za ukumbi uliojaa. Bisi walikuwa wameshazila.

Tangu hapo, kila filamu mpya naifungua mchana, siku moja kabla, ukumbi ukiwa mtupu. Mara nyingine muda wa ufunguo huwa haujaanza, na hapo naomba mapema uongezwe kwa saa chache. Hukubaliwa mara nyingi. Naiacha icheze dakika kumi, nakaa safu ya nyuma pembeni, kiti ambacho mteja aliyechelewa hupewa, naangalia kama taa imefifia na kama maneno yanasikika, halafu ndipo naruhusu tiketi za usiku wa kwanza ziuzwe hadi kiti cha mwisho.