Maswali na majibu: Ramani ya mtaa wako ni mali ya nani?

Mimi ni bodaboda wa Mbagala. Ramani ya simu imenipeleka hadi kwenye ukuta. Nani alaumiwe?

Ukuta umejengwa juzi na ramani haijaambiwa. Aliyekaa ofisini California haijui njia ya panya ya Mbagala, unaijua wewe. Ingia kwenye programu hiyohiyo, ripoti kwamba njia imefungwa. Na mvua zikianza, usikubali simu ikikwambia upite Jangwani. Inahesabu umbali na foleni, kina cha maji ya mto Msimbazi haikijui. Ukiona lami imefunikwa, geuza.

Hivi Google walitengeneza ramani zao wenyewe? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu Ardhi)

Kwa sehemu tu, na wewe wa Ardhi ulipaswa kulijua hili. Mwaka 2004 waliinunua Where 2 Technologies, kampuni changa ya watu wanne huko Sydney, Australia, na Keyhole ya Marekani iliyokuwa na picha za setilaiti. Ramani zikatoka Februari 2005. Mwaka 2013 wakainunua Waze ya Israeli kwa karibu dola bilioni 1, na ramani ya Waze ilikuwa imejengwa kwa kiasi kikubwa na madereva waliojitolea bure.

Na si Google peke yao. TomTom ya Uholanzi, iliyoanza 1991, ilikuwa ikiuza vifaa vya kuongoza magari huku ramani za barabara zilizomo ndani zikitoka kwa Tele Atlas, kampuni ya ramani za kidijitali. Mwaka 2008 ikaona bora iinunue Tele Atlas yenyewe, kwa euro bilioni 2.9. Anayeuza kifaa bila kumiliki barabara zake ni mpangaji, na kodi hupanda mwenye nyumba akitaka. Programu huandikwa kwa miezi. Barabara hukusanywa kwa miaka, kwa magari na kwa miguu. Jasho hilo ndilo linalonunuliwa, na mara nyingi waliolitoa hawapo mezani siku ya malipo.

Naweza kuiona nyumba yangu laivu kwa setilaiti?

Hapana! Nimelijibu swali hili hadi nimechoka. Picha hizo zilipigwa zamani, nyingine miaka kadhaa iliyopita. Anayekuuzia programu ya "setilaiti laivu" anatafuta hela yako au namba yako ya siri.

Nimepima kiwanja changu cha Chanika kwa simu. Vipimo hivyo vinafaa kuombea hati?

Havifai. Simu, hata mahali pa wazi, hukosea kama mita 5. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, hiyo ni robo ya upande mzima, na jirani hatakuachia robo. Tafuta mpimaji aliyesajiliwa. Na dalali akikuonyesha pini ya ramani kama uthibitisho wa umiliki, rudi nyumbani na hela yako.

Tuko vijana watatu Sinza, tunataka kufungua kampuni ya ramani. Tuanzie wapi?

Anzieni pale ambapo magari ya kampuni kubwa hayafiki. Niliwahi kufuatana na wanafunzi Tandale wakati wa Ramani Huria, kazi ya kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, iliyoanza 2015 ikiwaunganisha wanafunzi wa vyuo na wakazi. Mjumbe wa shina alitangulia mbele, kwa kuwa yeye ndiye anayejua shina lake linaishia mfereji upi. Tukamkuta mama akikaanga vitumbua mlangoni, tukamwuliza mafuriko yalifika wapi. Hakutaja mita. Alisimama, akapangusa mikono kwenye khanga, akaweka kiganja kiunoni: "Hapa." Kisha akasogeza ndoo, tukauona mstari wa tope ukutani. Kijana mmoja akaupima kwa futi na kuandika. Kipimo kile hakuna setilaiti ingeweza kukileta.

Taarifa za Ramani Huria ziliingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza 2004. Mnaruhusiwa kuitumia kibiashara, mradi mtaje chanzo. Na mkiiboresha hifadhidata yenyewe na kuitoa hadharani, itoeni kwa masharti yaleyale. Someni leseni kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Amazon, Meta, Microsoft na TomTom walipoungana kuanzisha Overture Maps, mradi wa ramani za wazi, Desemba 2022, nao walichota humohumo. Kama matajiri hao wanakula chungu kimoja, ninyi watatu mnajifungia ili iweje?

Msijenge biashara nzima juu ya ramani ya kampuni moja. Mwaka 2018 Google ilibadili bei za kuweka ramani zake kwenye programu za wengine, na wengi waliozoea bure wakaletewa bili. Na majina ya wenye nyumba msiyaguse: tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Nyumba yangu ilipewa namba kwenye operesheni ya anwani za makazi. Mbona mleta mizigo haioni kwenye simu yake?

Namba yako iko kwenye NaPA, mfumo wa serikali wa anwani za makazi; programu ya mleta mizigo ina ramani nyingine. Mpe namba, jina la barabara na alama ya karibu: msikiti, transfoma, duka la Mangi. Pini ya nyumbani mtumie yeye peke yake, usiibandike kwenye kundi la watu mia mbili.