Re: Masanduku ya kumbukumbu za chama, tuyafungueje kwa wanafunzi?

Mkuu, umeuliza kama masanduku ya chama chenu cha misaada hapo Tabora, yenye madaftari na picha tangu miaka ya 60, yanaweza kufunguliwa kwa wanafunzi bila kuharibika. Yanaweza, ila anzeni na watu wenu kabla ya shule.

Wafundisheni vijana wanne watano. Kwa karatasi, mikono iliyonawa na kukauka inatosha. Ukivaa glavu vidole havihisi, ukurasa unachanika. Picha ishikwe pembeni. Peni zibaki nje, penseli tu. Pini zenye kutu zitolewe taratibu, selotepu msiiguse, na tafadhali sana msifanye laminesheni (watu wanaipenda hiyo, sijui kwa nini). Haitoki tena. Masanduku yainuliwe kutoka sakafuni, yakae mbali na ukuta. Mchwa wa Tabora mnawajua wenyewe.

Shuleni pelekeni nakala. Mimi ningechukua ukurasa mmoja tu wa muhtasari wa kikao: nani alihudhuria, mchango ulikuwa shilingi ngapi, wanawake wameandikwa kwa majina yao au "mke wa fulani"? Darasa litabishana kipindi kizima. Mkutano wa TANU wa 1958 hapo Tabora, ule wa kura tatu (kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia), wanausikia kila siku. Hapa wataona mji huohuo kwa jicho la mtaani.

Orodha za waliosaidiwa msizitoe kwanza. Mjane aliyepewa unga mwaka 1974 huenda ni bibi wa mtoto aliyekaa dawati la mbele.